Waya ya Urefu wa Kidole

Jumamosi. Baridi ya Julai imeikalia Ruiru na haina nia ya kuondoka. Manyunyu tangu asubuhi, na hizi nyumba za Membley zina sakafu ya vigae inayokula miguu ya mtu mzee. Nimevaa soksi mbili na sweta ya marehemu mume wangu, na bado nasikia baridi mpaka kwenye mfupa.

Sijalala vizuri. Roho yangu iko juu juu.

Kabla sijaendelea. Wale wa kanisa letu kule mtaa wa Landless mnaosoma hapa mtandaoni, halafu mnanipigia simu na sauti ya matanga, hakuna matanga hapa. Mtu wetu yuko hai. Mkitaka kuomba, ombeni huko mliko. Na kama kuna herufi nimeacha, itafute mwenyewe. Shule niliachia darasa la nne na ninaandika na kidole kimoja.

Mtu ninayemsema ni mjukuu wangu Njoroge. Ni kifungua mimba wa mwanangu Mwangi, na kwa mila yetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake, baba ya babake. Kwa hivyo Njoroge ni mume wangu. Watu husema ni mzaha, lakini ni mzaha ambao kwetu hauchezewi. Tangu nikimbeba mgongoni nilimwita mzee wangu. Alipojua kuongea akajua kunigombeza: "We mama, chai yangu iko wapi?" Nami ninainuka kuileta. Mimi hugombeza kila mtu, mpaka pasta. Huyo, sijawahi.

Mume wangu wa kwanza nilimzika mwenyewe. Sitazika Njoroge wawili.

Sasa ni mwanaume mzima mwenye ndevu. Alikuwa akishughulikia mashine katika kiwanda kimoja Thika. Kazi ikaisha, na kitu ndani yake kikaisha pamoja nayo. Akarudi hapa kwa wazazi wake, akaingia chumbani, na kuna asubuhi moja tulimkimbiza hospitali. Sitaandika zaidi ya hapo. Mwenye akili ameelewa.

Alirudi. Dawa anakunywa, daktari anamwona, na daktari alisema asiachwe peke yake. Mwangi anafanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi. Basi nikafunga nyumba yangu Landless nikaja kukaa. Mama Njoroge, mkaza mwanangu, alikuwa ameshatoa kila kitu chumbani. Mishipi, kamba za pazia, hata kamba za viatu. Komeo la mlango liling'olewa. Mlango sasa unafungwa na kitu kimoja tu, naye ni Njoroge mwenyewe, ambaye huketi chini ameuegemea kwa mgongo.

Mama yake akiingia na dawa anainuka, anameza, anageukia ukuta. Akitoka, anarudi palepale. Haongei. Tulimwimbia, tukamwombea, tukampikia mukimo. Kimya.

Mimi nikaleta kigoda changu nikaketi upande wa huku, mgongo wangu mlangoni, nikisuka kiondo, kikapu chetu cha nyuzi. Kati yetu kulikuwa na ubao tu.

Siku moja akaniita Shosho, ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita sisi nyanya. "Shosho, waya zangu ziko wapi?"

Nilijua waya gani. Njoroge ana ndege ndogo ya mbao nyepesi, ya buluu, na injini ya ukubwa wa yai inayolia mpaka mbwa wanajificha. Haina rimoti. Imefungwa waya mbili ndefu. Yeye anasimama katikati ya uwanja ameshika kishikio, nayo inamzunguka. Akikunja kifundo cha mkono hivi, waya moja inavuta na pua inapanda. Akikunja vile, inavuta ile nyingine na pua inashuka. Alifundishwa akiwa sekondari na Mzee Harbans, Kalasinga mwenye karakana pale Thika. Mimi nilikuwa nikiketi kando ya uwanja nikisuka na kusema huo ni upuzi wa watu waliokosa ng'ombe wa kuchunga.

Waya hizo mama yake alizitupa pamoja na mishipi.

Mimi sijui kudanganya mume. Nikamwambia, "Zimetupwa. Nitakutafutia zingine."

Mama Njoroge aliposikia alishika kichwa. "Mum, unataka kumpelekea waya? Kwa hiyo chumba?" Tulibishana jikoni mpaka ugali ukaungua. Mwisho tukakubaliana. Nitamwonyesha vipande tu, kila kimoja kisizidi urefu wa kidole. Akisema ni chenyewe, tutaona mbele.

Basi nikaanza.

Nilianza kwa majivuno, wacha niseme ukweli. Mimi nimesokota nyuzi pajani tangu nikiwa msichana. Nikasokota uzi wa nailoni, mwembamba, nikaupaka nta ya mshumaa, nikaona hakuna ndege itakayoukata. Nikakata urefu wa kidole kimoja nikasukuma chini ya mlango. Akaushika. Nikasikia kitu ambacho nyumba hii ilikuwa imesahau. Alicheka, kidogo, kwa pua.

"Shosho, hii ni ya kufunga mbuzi."

"Mbuzi gani? Hii ni kazi ya mikono yangu."

"Ni safi. Lakini umeisokota. Nikiivuta inataka kujifungua, ndege itacheza kama mlevi."

Niliona vibaya, kiondo nikakiweka chini. Halafu nikakumbuka kwamba alikuwa ameongea maneno mengi kuliko mwezi wote.

Kesho yake nikaleta uzi wa kuvulia samaki. Ukarudishwa. "Huu unavutika kama chingamu. Nikisema panda, ndege inasikia kesho." Nikaleta waya ya breki ya boda boda. "Nzito. Ndege itabeba waya mpaka ichoke." Nikaleta ile waya laini mafundi wa ujenzi hufungia vyuma. Hiyo aliipinda, nikasikia ikikatika. "Umesikia, Shosho? Ikikunjwa mara moja imekwisha."

Kila nilichokosea kilinipa maneno. Nikikosea sana, napewa maneno mengi.

Mkinijua mnajua nilifanya nini. Nikaanza kukosea kwa makusudi.

Nikampelekea uzi wa blanketi. Kipande cha katani. Ukambaa wa mgomba. Nikawa ninaamka asubuhi ninazunguka boma nikitafuta upuzi wa kumletea, mimi mwanamke mzima, nikiwa na furaha kama msichana aliyepata barua. Nilisema moyoni, akipata waya yenyewe mazungumzo yataisha. Basi asiipate. Akatae tu, miaka yote, mimi niko hapa.

Nikamsukumia kamba ya sweta.

Akaongea polepole. "Shosho, wewe umesuka viondo maisha yako yote. Unajua uzi. Hii umeileta ukijua."

Nikachukua kiondo nikajifanya ninasuka.

"Kumbe wewe pia unanichezea. Wewe pia hutaki nipate."

Kamba ikarudi chini ya mlango. Baada ya hapo, hakuna kitu. Nikaleta vipande vizuri, vikabaki vimelala pale kizingitini. Nikamwita mzee wangu. Nikamwita Njoroge. Nikagonga na kiwiko. Nilisikia pumzi yake tu, na hata hiyo nilikuwa nikiisikiza kama mtu anayesikiza mtoto mchanga, nikiogopa kugeuza shingo.

Nilifungua bomba jikoni nikalia ndani ya kelele ya maji. Nilikuwa na mlango mmoja mdogo wa kumfikia, nikauziba kwa ujanja wangu.

Jana Mama Njoroge alichukua ruhusa kazini akakaa naye, mimi nikaenda Thika kwa Mzee Harbans.

Amezeeka. Kilemba ni kilekile, masikio hayako. Nilimkuta akikata bati, nikamweleza yote kwa sauti ya juu, kwa sababu kwa sauti ya chini hasikii. Fundi wake mmoja akatoka nje kwa haya. Harbans hakuniambia pole, na nilimshukuru kwa hilo. Aliuliza, "Bado ana ile ya buluu?"

"Iko juu ya kabati."

"Amekonda?"

"Amekonda."

"Mkono una nguvu?"

"Nitajuaje? Sijauona."

Alifuta mikono akafikiri. Halafu akasema nichukue waya ndefu, si fupi, kwa sababu fupi itamzungusha haraka ashikwe na kizunguzungu aanguke. Na nyembamba, ili isivute mkono uliochoka. Akatoa kopo, na ndani yake waya ya chuma isiyoshika kutu, nyembamba kuliko mchirizi wa machozi, nyuzi saba zimelala pamoja. Nikaipitisha kati ya vidole. Laini kabisa. Mimi hiyo singeweza kuitengeneza.

"Lakini ndefu ina shida yake," akasema. "Upepo ukisukuma ndege ije kwako, waya inalegea."

"Ikilegea?"

"Mkono unaongea, ndege haisikii."

"Sasa anafanya nini?"

"Anarudi nyuma. Haraka. Mpaka ikaze tena." Akanionyesha pale karakanani, mzee wa watu, akirudi kinyumenyume na mkono umenyooka mbele mpaka akagonga meza. "Na wewe mama, usiikunje. Ukiikunja, tupa."

"Mimi nimeshika nyuzi kabla hujaota ndevu."

"Mimi nilizaliwa nazo," akasema, akarudi kwa bati yake.

Nilirudi na waya chini ya sukuma wiki, ndani ya kiondo. Nimeificha usiku kucha kama mwizi. Sasa mjue kwa nini sikulala. Nilikuwa na kitu ambacho labda kitamtoa chumbani, na kitu ambacho mama yake amekataza kisiingie chumbani, na ni kitu kimoja.

Asubuhi nilikata kipande cha urefu wa kidole kimoja. Nikaketi. Nikamwambia mlango, "Nilikuchezea. Nilipenda kukusikia ukikataa. Hii si mchezo." Nikasukuma.

Haikurudi.

Nilingoja mpaka chai yangu ikawa baridi. Ndipo akasema, "Ni hii." Na baadaye, "Imetoka kwa Mzee Harbans." Halikuwa swali.

Nikafunga macho.

Na ndipo Mama Njoroge, aliyekuwa jikoni akitaka sukuma za mchana, akaingiza mkono kwenye kiondo.

Alikuja kwenye korido ameishika ile waya kifuani na mikono miwili. Uso wake sikuupenda.

"Mum. Hii ni nini?"

"Unaona ni nini."

"Tulisema kidole. Kidole tu."

"Ndege hairuki na kidole."

"Nani anataka ndege? Mimi nataka mtoto." Akaikaza waya kifuani. "Wewe ulikuja baadaye. Mimi ndiye nilifungua huo mlango ile asubuhi. Mimi. Sasa unaniletea hii ndani ya sukuma yangu?"

Nilifungua mdomo nimgombeze, kwa sababu ndiyo kazi yangu katika familia hii. Nikaufunga. Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningeichukua hiyo waya niitupe kwenye choo, na nimfukuze bibi kizee arudi kwake Landless. Tulisimama pale kama wanawake wawili waliokutana kisimani na ndoo moja.

Sauti ikatoka nyuma ya ubao.

"Msiilete huku ndani."

Mama Njoroge akaziba mdomo na mkono.

"Waya haipimwi ndani. Inapimwa ikiwa imenyooshwa, zote mbili pamoja, zivutwe pamoja, zikatwe pamoja. Moja ikizidi, ndege inapanda peke yake inageuka na kujigonga chini." Nikamsikia akisogea kwenye ubao. "Fungeni kule uani kwa nguzo ya tangi la maji. Mimi nitashika huku."

Mlango ukafunguka, si sana, upana wa sahani. Mkono ukatoka na kile kishikio chake cha mbao. Kumbe alikuwa nacho. Mama yake alipotoa vitu vyote kile kilibaki, labda alidhani ni mpini wa kitu. Kucha ndefu. Kifundo kimekuwa cha mtoto. Nikasema moyoni, Harbans, ulifanya vizuri kuchagua nyembamba.

Niliikata ile waya katikati, nikazifunga zote mbili kwenye kishikio. Tukazipitisha kwenye korido, zikapita jikoni juu ya meza, zikatoka mlango wa nyuma mpaka uani kwenye manyunyu. Nikamwambia Mama Njoroge afunge kwa nguzo.

"Nguzo hapana," akasema. "Nitashika mimi."

Akachukua mwiko wa ugali, tukafunga ncha pale, naye akaushika kwa mikono miwili na nguo zake za nyumbani, bila mwavuli. Mimi nikabaki jikoni katikati, kazi yangu ni kutazama kama waya zote ziko sawa. Miwani imejaa ukungu. Ya chini ilikuwa imelegea, ikagusa bakuli la chumvi.

"Ya chini inalala," nikapaza sauti.

Kutoka huko ndani akaita, "Mum, rudi nyuma kidogo."

Hakuwa ameita mama yake tangu ile asubuhi.

Nilimwona mama yake kupitia mlango wa nyuma. Hakulia. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kandambili zikiteleza kwenye matope, mpaka mgongo wake ukagonga tangi. Waya zikainuka kutoka kwenye bakuli la chumvi, zikanyooka.

"Nimeshika," akasema. Sauti yake haikufika chumbani, kwa hivyo nikaipeleka mimi. "Ameshika."

"Mwambie aniambie akichoka. Lazima nivute kuliko ndege itakavyovuta."

"Anasema hachoki," nikasema, bila kumuuliza.

Njoroge akavuta.

Waya ziliimba. Kweli, ziliimba, sauti nyembamba kando ya sikio langu, na sufuria ndogo mezani ikatetemeka kifuniko. Mwiko ulimvuta Mama Njoroge mbele, akakaza miguu, akarudi. Akavutwa tena. Akarudi tena. Sikujua kuna nguvu hiyo ndani ya kile kifundo. Nadhani hata yeye Njoroge hakujua. Walivutana hivyo, mtu na mama yake, hawaonani, na mimi katikati nikajibana ukutani nisije nikaguswa na waya nikaharibu hesabu yao.

Aliposema basi, tukakata ncha pamoja, zikalingana. Njoroge akazizungusha mwenyewe pale kizingitini, polepole, kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, kwa sababu waya hiyo ikizungushwa kwenye kitu chembamba inapata kona. Nikamwona uso. Ndevu, macho yameingia ndani, na mafuta ya nywele hakuna. Mume wangu.

Halafu akaweka kopo sakafuni, akalisukuma kwa mguu mpaka kwangu.

"Zilale kwako, Shosho," akasema. Akafunga mlango.

Msije mkaniandikia amina hapo chini. Mlango ulifungwa na mchana alikula vijiko vya kawaida. Jioni alimeza dawa na kugeukia ukuta. Mama Njoroge ana alama nyekundu kwenye viganja na hataki nizipake chochote. Ameketi anazitazama tu. Bado ninaogopa. Ninaogopa hata sasa nikiandika, na kopo liko ndani ya kanga yangu kifuani, na sijui kama kesho nitamfungulia au nitalificha.

Lakini kabla sijaja kuandika nilipita mlangoni kumwambia alale salama. Akauliza upepo wa asubuhi siku hizi unatokea wapi. Kama bado unatokea upande wa mashamba ya kahawa.

Sikuweza kumjibu. Nimekaa hapa wiki zote hizi nikiwa nimeupa ulimwengu mgongo, sijui upepo unatokea wapi.

Nitaamka kabla ya mtu yeyote. Nitatoka uani na sweta ya mume wangu, nilowanishe kidole, nikiinue. Mara hii sitamdanganya. Nitamwambia ulivyo.